Mashati ya Merikani na Refa wa Rusayl

Shati la kwanza lilipokuja limechanika, Mahbuba hakusema kitu, alilishona. La pili alilishona huku akinung'unika. La tatu lilipotua mapajani mwake, limechanika pale pale kwenye bega la kulia kwa nyuma, mpasuko wa shibiri nzima ukiteremka kuelekea kwapani, alichomeka sindano kwenye mto akaita kwa sauti iliyofika mpaka barazani.

"Marhoon! Hebu njoo hapa. Huyu ndugu yangu mnamfanya nini huko Rusayl?"

Mumewe aliingia na kikombe cha kahawa mkononi. Marhoon alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya Wamarekani iliyokuwa ikilaza mabomba ya mafuta, mtu mpole, mwenye kitambi kidogo cha heshima, asiyependa ugomvi hata wa kuku. Alilitazama shati, akamtazama mkewe, akatamani kurudi barazani.

"Anacheza mpira tu, mama Nasriya."

"Mpira gani wa kuraruliana nguo? Mie mpira nnaujua."

Na kweli aliujua. Nyumba ya baba yake Unguja ilikuwa karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, na tangu utotoni alizoea kuchungulia dirishani kuwatazama vijana wakicheza, akawa anamsema refa kimoyomoyo. Walipohamia Maskati mwaka wa sitini na nne, yeye na mumewe na mdogo wake Aflah, na cherehani ya mkono iliyofungwa ndani ya shuka tatu, mengi waliyaacha nyuma. Ile tabia ya kutomwamini refa alikuja nayo.

"Huu ni mpira wa Kimarekani," Marhoon akaeleza. "Hauchezwi kwa miguu."

"Mpira usiochezwa kwa miguu?"

"Wanaushika mikononi wakakimbia nao. Umbo lake kama papai."

Mahbuba alimtazama mumewe kama mtu aliyekaa juani kupita kiasi. Lakini yalikuwa kweli. Majira yale ya baridi, mwaka wa sitini na saba, Wamarekani wa kambi ya Rusayl walishikwa na hamu ya mchezo wa kwao. Waliondoa changarawe kwenye uwanda, wakamwaga mchanga, wakachora mistari kwa chokaa. Tatizo lilikuwa moja: wao hawakuzidi kumi, na wawili katika hao walikuwa na magoti mabovu. Ndipo wakaanza kuwachagua wafanyakazi wenye mbio. Aflah alichaguliwa siku upepo ulipoichukua kofia ya msimamizi wake. Msimamizi aliifukuza kwa Land Rover, Aflah akaifukuza kwa miguu, na Aflah akafika kwanza.

Zikaundwa timu mbili, wanane wanane: wachomeleaji wa mabomba, ambako Aflah alikuwa msaidizi, na madereva. Jezi hazikuwako, Marhoon akajitolea kutafuta fundi, na fundi wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa ndani ya nyumba yake. Mahbuba aliwashonea mashati ya merikani, kile kitambaa kizito cha pamba. Ya wachomeleaji aliyachovya nili, ya madereva akayaacha meupe. Marhoon alisema Wamarekani sasa watavaa merikani, akaucheka utani wake mwenyewe siku mbili. Mwisho kabisa likaja ombi dogo la refa, leso moja ya manjano. Mahbuba hakuambiwa ya kazi gani. Alichukua poplini nzuri, akaidarizi viua pembe zote nne kama anayedarizi kofia ya bwana harusi, akaipiga pasi, akaipeleka.

Sasa alilikunjua lile shati la buluu juu ya meza.

"Nisikilize, baba Nasriya. Mtu akianguka kwenye changarawe, nguo hutoboka, kingo zikasagika, vumbi likaingia ndani ya nyuzi. Hapa hapakusagika kitu. Tazama nyuzi, zote zimelala upande mmoja. Hili limevutwa. Na aliyelivuta alikuwa nyuma yake, ametumia mkono wa kulia, na ni mtu mwenye nguvu, maana merikani haichaniki kwa mchezo. Ni nani?"

Marhoon alimeza kahawa iliyokuwa imekwisha poa. "Bakhit. Dereva wa trekta, mtu wa Yiti."

"Na inafaa?"

"Haifai. Mwenye mpira mkamate utakavyo, mwangushe, huna kosa. Lakini asiye na mpira humshiki. Sasa Aflah kazi yake ni kukimbia mbele, arushiwe mpira kutoka nyuma, audake, aufikishe mstari wa mwisho. Bakhit anamshika kabla mpira haujafika."

"Na ukimshika mtu asiye na mpira?"

"Refa anatupa kitambaa chini. Kikianguka kile, mchezo huo umeharibika, timu yako inapigwa adhabu ya yadi kumi na tano."

"Amekitupa mara ngapi?"

Marhoon akaangalia ndani ya kikombe.

"Marhoon."

"Hajakitupa."

"Wiki tatu hizi?"

"Wiki tatu."

Mahbuba alichomoa sindano kwenye mto. "Ijumaa nnakuja," akasema.

Ijumaa ile baada ya sala, lori la kampuni lilingoja nje ya lango la mji kama kawaida, na safari hii nyuma ya wachezaji walipanda pia wanawake wawili waliojifunika mabuibui, Mahbuba na jirani yake Masouda. Masouda hakuwa na habari ya mpira wowote. Alikuja kwa sababu hajatoka Maskati tangu Idi, na alikuwa na kikapu cha sambusa. Njia ilikuwa ya mawe na mashimo, wakafika Rusayl vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Lori likaegeshwa pembeni ya uwanja, na wanawake wakabaki mumo humo, wamekaa juu ya magunia, mahali pazuri kuliko pa mtu mwingine yeyote.

Refa akaingia uwanjani. Jina lake Tolliver, mpima ardhi wa kampuni, Mmarekani mrefu, mwembamba, mwenye soksi zilizovutwa mpaka magotini na filimbi shingoni. Kambini ilikuwa ikisemwa kwamba ameipima njia ya bomba kutoka bara mpaka pwani asikosee hata inchi. Yadi alizihesabu kwa hatua, na akihesabu hakuna aliyethubutu kubisha. Mahbuba alipomwona akitembea vile, kwa adabu na uangalifu, alianza kudhani labda Marhoon amekosea.

Mchezo ukaanza. Wachomeleaji walijipanga, mpira ukarudishwa nyuma, na Aflah akachomoka pembeni kama aliyemwagiwa maji ya moto.  Mpira ulikuwa hewani, umekuja vizuri, mikono ya Aflah imeshanyooka, na hapo Bakhit, pande la mtu, akampenyeza mkono begani kwa nyuma, akafumbata merikani ngumi nzima, akavuta. Aflah alisimama ghafla kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake. Mpira ukapita mbele ya pua yake ukaanguka mchangani.

Mahbuba alisikia shati likichanika, na alikuwa mbali hatua thelathini.

Wachomeleaji wote wakainua mikono kumwelekea refa. Bwana Tolliver akatia mkono mfuko wa nyuma wa suruali. Uwanja mzima ukashusha pumzi. Mkono ukatoka mtupu, ukaenda kujikuna shingoni.

"Kamshika!" Mahbuba alikuwa amesimama juu ya magunia. "We refa! Kamshika! Macho ya kupimia milima unayo, ya kuona shati la mtu huna?"

Marhoon, aliyekuwa karibu na pipa la maji, akasogea upande wa pili wa pipa.

"Wanaongoza nani?" Masouda akauliza.

"Dhulma ndiyo inaongoza!"

Mara ya pili Bakhit alipomshika Aflah, Mahbuba hakupiga kelele peke yake. Vijana wa Kiunguja waliofanya kazi ghalani walimwitikia. Mara ya tatu, vibarua wa Sumail na Bidbid, wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji, nao walipaza: "Kamshika! Kamshika!" Kufikia mwisho wa mchezo hata Wamarekani walilishika neno hilo. Wakalitamka kwa pua, wakidhani ndilo jina la kosa lenyewe kwa Kiarabu. Na Bwana Tolliver kila mara alitia mkono mfukoni, kila mara mkono ukatoka mtupu, na uso wake ukazidi kuwa mwekundu.

Wachomeleaji wa nili wakafungwa. Ijumaa iliyofuata wakafungwa tena.

Mahbuba hakuwa na raha. Akikata nguo ya mteja alikuwa akiwaza yadi. Akipika alikuwa akimwuliza Marhoon masuali: je, kama mpira umeshatoka mkononi lakini haujafika? Je, kama amemgusa tu? Marhoon aliazima kijitabu cha sheria kambini ili apumzike, kumbe ndiyo akajitwika mzigo, maana ilimbidi akae chini na kumfasiria ukurasa baada ya ukurasa mkewe akishona. Kwa wiki mbili hakukuwa na mtu Maskati nzima, Mmarekani wala asiyekuwa Mmarekani, aliyeijua sheria ya kushika kuliko bibi huyu aliyekuwa hajawahi kuugusa mpira wenyewe.

Aflah naye alimzidisha hamaki. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mcheshi, mwenye maneno, lakini siku hizi akija kula alikaa kimya.

"Mie sitaki kitu," alisema siku moja. "Nnataka kuudaka mpira mmoja tu, dada. Mmoja. Nijue unavyokuwa mkononi."

Mahbuba akaacha kuyashona yale mashati. Aliyafumua yale aliyokuwa ameshayashona, akayakunja yote, matano sasa, kila moja na mpasuko wake wa bega la kulia. Akamshonea Aflah jipya, na Ijumaa akapanda lori na furushi la ushahidi chini ya buibui. Hakusubiri mchezo uanze. Alimwambia Marhoon amlete Bwana Tolliver ghalani.

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie fundi wa mashati anamtaka."

Bwana Tolliver alikuja amevua kofia. Mahbuba aliyatandaza mashati matano juu ya meza ya ghala, moja kando ya jingine, akaanza. Alionyesha nyuzi, akaonyesha vumbi mahali ambapo lingekuwa na halimo, akafunga ngumi yake mwenyewe akaipachika kwenye kila mpasuko kuonyesha jinsi kidole gumba kilivyoanza. Mwisho akasema, "Mwambie: kipofu wa soko la samaki angeyaona haya kwa kupapasa."

Marhoon akageukia Kiingereza. "Mke wangu anasema, bwana, jambo hili pengine lingestahili kutazamwa kwa makini zaidi."

"Sikusema hivyo," Mahbuba akamkata. Kiingereza cha skuli ya Unguja hakikuwa kimemtoka chote. "Mwambie nilivyosema."

Haikuhitajika. Bwana Tolliver alikuwa ameinama juu ya mashati, akigusa kila mpasuko kwa ncha ya kidole, na masikio yake yamekuwa rangi ya matofali.

"Nimemwona," alisema taratibu. "Mara zote nimemwona. Kila mara."

"Sasa?"

"Sina kitambaa."

 Nje mtu alikuwa akiujaza mpira upepo kwa pampu ya baiskeli.

"Kitambaa gani?" Mahbuba akauliza.

"Kile cha manjano. Cha adhabu." Akaingiza mkono mfuko wa kifuani, akatoa barua iliyokunjwa mara nyingi mpaka imelegea. Akaeleza, na Marhoon akafasiri, safari hii bila ya kupunguza neno. Bwana huyo alisahau siku ya kuzaliwa mkewe. Mke, huko Amerika, akanyamaza kumwandikia miezi miwili. Siku alipopewa ile leso ya manjano, yenye viua pembe nne, alikaa nayo kitandani akaitazama, akaona kwamba katika maisha yake yote hajapata kushika kitu kizuri kama hicho, na kwamba anatakiwa akitupe mchangani wakikanyage watu wenye viatu vya misumari. Hakuweza. Akaitia katika bahasha, akampelekea mkewe, akamwambia ameinunua soko la Matrah. Mke amejibu. Ameitia katika fremu ya kioo, ameitundika sebuleni, na majirani wanakuja kuitazama.

 Hasira ilikuwa imempanda Mahbuba mpaka kooni, na chini yake, bila ya ruhusa yake, kulikuwa na furaha fulani ikimtekenya.

"Anasema imetundikwa?" akamwuliza Marhoon kwa sauti ndogo.

"Sebuleni. Katika kioo."

"Viua vinaonekana?"

"Mahbuba!"

"Ehe, basi." Akajikaza, akarudisha uso wa dhulma. "Na kwa nini asichukue kitambaa kingine chochote? Ghala hili limejaa matambara!"

Bwana Tolliver akamtazama Marhoon kwa haya. Kitabu cha sheria, alisema, kinataka kitambaa cha manjano yenye kung'aa, na yeye hajazoea kufanya kazi kwa kipimo cha kukisia. Na kuomba cha pili rasmi hakuweza, kwa sababu ukutani pale pale, kwa mwandiko mzuri wa Marhoon, palikuwa na tangazo kwamba mtu akipoteza kitu cha ghala sharti aandike barua ya kueleza kimepoteaje. Alijaribu kuiandika barua hiyo mara nne.

Mahbuba akageuka polepole akamtazama mumewe.

"Tangazo ni la kampuni," Marhoon akasema. "Mie nimeliandika tu."

Mkewe hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akimtazama juu zaidi, kichwani, ambako palikuwa pamefungwa kilemba cha Ijumaa, cha pamba laini, cha rangi ya manjano yenye kung'aa kuliko kitu chochote kilichokuwamo Rusayl siku ile.

Marhoon akashika kichwa kwa mikono miwili. "Hapana."

"Kipande tu."

"Mahbuba, hiki amenipa ami yangu!"

"Ami yako angekuwako angekikata mwenyewe. Vua."

Mkasi wa ghala ulikuwa mkubwa, wa kukatia maturubai, ukalia krach mara mbili. Mahbuba alikata mraba mmoja wa upogoupogo, hakuupinda, hakuushona, akafunga kokwa tatu za tende kwenye pembe moja ili uwe na uzito wa kurushika. Kumpa mtu kitu kibaya namna ile kulimuuma kuliko alivyotegemea. Alitaka angalau akate nyuzi zilizoning'inia, akajizuia kwa nguvu.

"Hiki," akamwambia Bwana Tolliver kwa Kiingereza chake, akimtazama machoni, "usimpelekee mke."

Ijumaa ile wachezaji hawakuelewa limetokea nini. Mara ya kwanza tu Bakhit alipopenyeza mkono begani kwa Aflah, kitu cha manjano kiliruka angani kama ndege aliyefunguliwa tunduni, kikatua mchangani.  Wengine walikuwa wamekwisha sahau kwamba kitambaa kipo. Kisha kelele zililipuka, vibarua wakakumbatiana, mpishi wa kambi akapiga sufuria, na Masouda, asiyejua kilichotokea, akapiga kigelegele kwa sababu aliona ndipo mahali pake.

Bakhit alibaki na mkono hewani. "Kosa langu nini?" akauliza kwa Kiarabu, na kwa kweli alishangaa. "Si ndivyo tunavyocheza?" Wiki zote zile nahodha wake Mmarekani alimwambia amshike, naye alidhani ndiyo sheria.

Taabu ni kwamba Bwana Tolliver alikuwa ameyabana makosa ya wiki tano moyoni, na sasa yakamtoka yote. Alitupa kitambaa kwa kushika. Alitupa kwa kusukuma. Alitupa kwa mtu kuanza kukimbia kabla ya wakati, na kwa mtu kukawia. Alimtupia nahodha wa madereva kwa kumjibu, kisha akamtupia nahodha wa wachomeleaji kwa kucheka. Kufikia mapumziko alikuwa amekitupa mara kumi na moja, na kokwa moja ya tende ilikuwa imekwisha dondoka. Watu waliokuwa wakilia refa hatupi, sasa walikuwa wakilia refa hatulii.

"Hivi ndivyo mlivyotaka?" Marhoon akamwuliza mkewe kutoka chini, kando ya lori. Alikuwa amejifunga kichwani kile kilichobaki cha kilemba, nacho hakikutosha kuzunguka mara ya pili.

"Mwache," Mahbuba akasema. "Anajifunza."

Jua lilipoanza kuinamia milima, madereva walikuwa mbele kwa pointi nne, na wachomeleaji walibakiwa na zamu moja tu ya kuurusha mpira. Ukifika mstari wa mwisho unapata pointi sita, na kila mtu aliijua hesabu hiyo, hata Masouda. Aflah akachomoka. Bakhit akaenda naye bega kwa bega, mikono yake ameibana kifuani kama anayeogopa kuungua. Wakapotea nyuma ya kundi la watu, na walipotokeza tena Bakhit alikuwa chini na Aflah alikuwa peke yake, na mpira ukaja juu, ukazunguka, ukatua katika mikono yake miwili. Aliukumbatia. Akakimbia mpaka akavuka mstari, akavuka na chokaa, akaendelea kukimbia kuelekea barabarani, hakuna aliyemwambia kwamba inatosha.

Mahbuba alikuwa akilia na kucheka pamoja. Alikuwa amemkamata Masouda shingoni.

Ndipo wakakiona kitambaa cha manjano, kimelala pale alipoangukia Bakhit.

Aflah alirudi mbio. "Kateleza!" alipiga kelele. "Kateleza mwenyewe! Changarawe!"

Bakhit alikuwa amekaa mchangani, ameshika kifua cha shati lake jeupe lililopasuka. Bwana Tolliver akamtazama huyu, akamtazama yule. Alimwona Bakhit akianguka, alisema, lakini mkono hakuuona vizuri, na yeye si mtu wa kukisia. Akafikiri kidogo. Kisha akamwomba Bakhit avue shati, akalichukua, akakata uwanja moja kwa moja mpaka kwenye lori, watu wote wakimfuata, akamnyoshea Mahbuba.

"Fundi," akasema. "Ameanguka, au amevutwa?"

Mahbuba hakupata hata nafasi ya kufikiri. Nguo iliyochanika ilipofika mikononi mwake, mikono ilifanya kazi yake. Ikaigeuza ndani nje, ikaiweka kwenye mwanga, kidole gumba kikapita juu ya kingo, na mdomo ukasema kama unavyosema kila siku mbele ya mteja:

"Limevutwa. Kwa mkono wa kushoto."

Halafu akasikia alichokisema.

Katika kambi nzima ya Rusayl palikuwa na mtu mmoja tu mwenye kutumia mkono wa kushoto, na alikuwa amesimama mbele yake na shati la nili na mpira kwapani.

"Dada!" Aflah akasema.

"Lakini merikani hii," Mahbuba akaanza, akilitikisa shati, "si unajua, jora lile lilikuwa bovu, lilipata maji melini..."

"Bi Mahbuba," Bakhit akasema kwa Kiarabu, kifua wazi, akitabasamu mpaka jino la mwisho, "jora ni lile lile. Wewe mwenyewe ulisema merikani haichaniki kwa mchezo. Kambi nzima inajua ulivyosema."

Bwana Tolliver akainama kidogo, kama anavyoinamiwa kadhi, akarudi uwanjani, akahesabu yadi zake kumi na tano kwa hatua, akazifuta pointi zote sita. Wachomeleaji wakajaribu tena kutoka mbali, mpira ukaenda upande, na mchezo ukaisha. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Msimamizi wa Aflah aliirusha kofia yake, na safari hii hakuna aliyeifukuza.

Ndani ya lori, njia nzima, Aflah alikaa amewapa mgongo. Bakhit, aliyekuwa akienda Matrah kwa shangazi yake, alimpa sambusa, akaikataa. Bakhit akaila mwenyewe. Masouda akamwuliza Mahbuba kwa sauti ya chini kama wameshinda, Mahbuba akamwambia anyamaze.

Nyumbani Aflah alisali, akakaa kwenye mkeka, akasema hali chakula. Mahbuba akamtilia wali na nguru wa kukaanga vilevile.

"Umeniuza," Aflah akasema.

"Umemvuta, hukumvuta?"

Aflah alitazama ukuta. "Nimemvuta."

"Basi."

"Basi nini? Wiki tano ananivuta yeye! Mara moja tu, dada, mie nami! Na wewe ni dada yangu, si fundi wa mahkama!"

Marhoon akajishughulisha na mwiba wa samaki. Mahbuba alikata ndimu, akaikamulia sahani ya mdogo wake, akafuta vidole.

"Ungekaa ukafikiri kwanza," akamwambia. "Shati lile la Bakhit lina mipasuko miwili. Mmoja kifuani, ule walioniletea. Na mwingine chini ya kwapa, mdogo, mkono ule ule wa kushoto. Huo umetoka pale kitambaa kilipotupwa mara ya kwanza, mkapewa yadi kumi na tano bure, wakaambiwa Bakhit ndiye aliyeanza, kumbe ni wewe. Nimeuona wakati nnaligeuza. Nikaukunja ndani."

Aflah akamtazama. Marhoon naye akaacha mwiba.

"Umeuona?"

"Mie ndiye niliyelishona lile kwapa, nisiuone?"

"Na hukusema kitu?"

"Sikuulizwa. Kula."

Aflah alijaribu kubaki na hasira kidogo zaidi, midomo ikamcheza, akainamisha kichwa juu ya sahani mabega yakitikisika. Kisha alinyoosha mikono yake miwili mbele yake, akaitazama, vidole vikiwa vimepinda kama vimeshika kitu cha mviringo.

"Ni mzito kuliko nilivyodhani," akasema. "Na una vipele vipele kidogo, kama ngozi ya mbuzi. Unapozunguka hewani huwezi kujua, lakini ukifika mkononi, dada, unafika na joto lake."

"Nieleze," Mahbuba akasema, akavuta mkeka karibu.